Anayepita Mbele ya Jumba Naye Ana Jina

Picha za Nairobi ya zamani hazijaadimika. Zimetundikwa kwenye mapokezi ya hoteli, katika ofisi za mawakili na kwenye kumbi za benki. Siku hizi husambazwa kwenye simu kila wikendi, na chini yake watu huandika jinsi mji ulivyokuwa safi. Nyingi zilianza maisha kama postikadi. Iliyopendwa kuliko zote ni ile ya Delamere Avenue, ambayo leo ni Kenyatta Avenue, ikiwa imepigwa kutoka juu ya paa: barabara pana, magari yameegeshwa mshazari, safu ya miti na maua katikati, maduka yenye varanda za nguzo, na pale kwenye kona Torr's Hotel, jengo la matofali mekundu alilolijenga Ewart Grogan mwaka 1928. Wachapishaji waliitoa picha hiyo tena na tena kwa miongo. Magari yalibadilika na miti ikakua, lakini mpigapicha alirudi kusimama karibu pale pale.

Chini ya picha, karibu na ukingo, mara nyingi kuna mtu anayepita. Katika kadi moja amevaa kanzu nyeupe ya mtumishi wa hoteli, katika nyingine kaptura ya kaki, na katika nyingine tena anakokota baiskeli yenye mzigo uliofunikwa gunia. Hatazami kamera. Maandishi ya kadi yanataja barabara na mji, pengine na hoteli, kisha basi. Yeye amewekwa pale, au ameachwa pale, ili mtazamaji wa London au Nottingham ajue kwamba hii ni Afrika, na ili aone jumba lilivyo kubwa likilinganishwa na binadamu.

Ninayapenda majumba hayo na sitaki hata moja libomolewe. Lakini naamini picha hizi hazijakamilika, na hazitakamilika mpaka yule anayepita apate jina. Kwa picha za miaka ya 1950, 1960 na 1970 jina hilo bado linaweza kupatikana, kwa sababu watu wanaolijua wangali hai. Wengi wao wako umbali wa nauli moja ya matatu kutoka katikati ya mji, upande wa magharibi: Kawangware, Kangemi, Riruta, Waithaka, Uthiru, Kibera. Kila mwaka tunawazika baadhi yao, nasi bado hatujawauliza.

Tuanze na ile sifa ya usafi, kwa sababu ndiyo inayowafanya vijana wengi wazione picha hizi kama ushahidi kwamba tuliharibu kitu. Sensa ya mwaka 1948 ilihesabu watu takriban 119,000 katika Nairobi nzima. Ile ya 2019 ilihesabu 4,397,073. Barabara ile ile, iliyopanuliwa mapema ili mkokoteni wa ng'ombe uweze kugeuka, ilikuwa ikitumiwa na umati mdogo sana, na hata huo ulichujwa. Mwafrika hakuwa na haki ya kukaa mjini bila kazi. Akikutwa bila karatasi alifukuzwa au alifungwa. Ardhi ilikuwa imegawanywa kwa rangi: Wazungu kwenye miinuko ya magharibi na kaskazini, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika kwenye vyumba vya Eastlands au katika vijiji vya hifadhi ya Wakikuyu vilivyopakana na mji. Kangemi, Kawangware, Riruta na Waithaka hazikuwa Nairobi kabisa mpaka mipaka ilipopanuliwa mwaka 1963. Kwa hiyo yule anayepita kwenye picha, ikiwa alikuwa akitokea huko, alikuwa akija mjini asubuhi kama mgeni na kutakiwa kuondoka jioni.

Yafuate majumba yenyewe, moja moja, kwenye barabara hiyo hiyo ya kadi. Kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway liko jengo dogo la mawe lililojengwa mwaka 1913 kwa ajili ya Kamishna wa Mkoa. Humo vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa, na ndipo inapohesabiwa sifuri ya umbali wa barabara kutoka Nairobi. Leo ni Nairobi Gallery, chini ya Makavazi ya Kitaifa, na ndani yake kuna sehemu ya hazina aliyoikusanya Joseph Murumbi, Makamu wa pili wa Rais wa nchi hii. Hatua chache kutoka hapo, ukielekea katikati ya mji, liko jengo lingine la mwaka huo huo wa 1913, lenye mnara, alilolijenga fundi mkandarasi Gurdit Singh Nayer. Sasa ni tawi la benki ya KCB. Watu wa Nairobi hawajawahi kuliita kwa jina la benki. Wanaliita Kipande House.

Kipande kilitokana na sheria ya kuwaandikisha Waafrika iliyopitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa kwa ukamilifu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, anakotoka, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na kuacha kazi, na mshahara. Karatasi ilitiwa ndani ya kikopo cha chuma, kikopo kikafungwa kamba, kamba ikavaliwa shingoni. Mwajiri akikataa kutia sahihi ya kumwachilia, huwezi kwenda kwingine. Mfumo huo ulidumu mpaka mwaka 1947.

Sasa irudie picha ya miaka ya 1930. Mwanamume anayepita mbele ya Kipande House, mbele ya hoteli, mbele ya posta, amebeba jina lake shingoni. Limeandikwa kwa wino na nakala yake imo kwenye faili ya serikali pamoja na vidole vyake. Katika barabara nzima hakuna aliyeandikwa kwa ukamilifu kuliko yeye. Mwenye gari lililoegeshwa hakulazimishwa kuweka dole gumba mahali popote. Lakini picha ilipochapishwa, jina lililotajwa lilikuwa la barabara, na barabara ilikuwa na jina la mwenye gari. Dola ilimjua mtu huyo ilipotaka kumzuia asitoroke kazi. Haikumjua ilipokuwa ikiutangaza mji alioujenga.

Naandika hivi nikijua kuna watu wanaotaka picha hizi zitupwe zote, wakisema ni kumbukumbu za wakoloni na tumewachoka. Ninaielewa hasira hiyo, lakini sikubaliani nayo. Ukiitupa picha ya Delamere Avenue hutamtupa Delamere, mlowezi aliyeipa barabara jina. Sanamu yake ilikwisha ondolewa barabarani wakati wa uhuru na kupelekwa shambani kwa familia yake huko Soysambu, wala hana haja ya postikadi ili akumbukwe. Utakayemtupa ni yule wa pembeni, kwa sababu kadi hiyo huenda ndiyo picha pekee ya ujana wake.

Mbele kidogo ya barabara hiyo hiyo imesimama sanamu ya shaba ambayo nayo ilichapishwa kwenye kadi nyingi. Ni mnara wa askari na wachukuzi wa Kiafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, uliozinduliwa mwaka 1928. Watu watatu wamesimama juu ya jiwe. Mmoja wao ni mchukuzi. Maandishi yake yako katika Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na yalitungwa na Rudyard Kipling. Ujumbe wake ni kwamba anayekufa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka jiwe lote utafute majina. Hakuna hata moja. Wachukuzi walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi, na kilichobaki cha kuwataja jijini ni mtaa na soko la Kariokor, jina linalotokana na kikosi chao.

Ilichukua takriban karne moja kwa kosa hilo kukiriwa. Mwezi wa Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi na kuanza kutafuta majina. Kwa wachukuzi hao, kazi ya sasa ni ya kupekua daftari, maana hakuna aliye hai wa kuulizwa. Kwa watu wa postikadi za uhuru bado tunaweza kuuliza kwa mdomo. Tukisubiri miaka 20 zaidi, nasi tutabaki na daftari.

Kuna jambo la uchapishaji linalofaa kujulikana na kila anayezitazama picha hizi kama kioo cha ukweli. Postikadi za mwanzo wa karne iliyopita zilipigwa huku, zikapelekwa Ulaya kuchapwa, mara nyingi Ujerumani au Uingereza. Rangi zilitiwa na mafundi ambao hawakuwahi kuiona Nairobi, na rangi ya anga na ya udongo ilikuwa ya kukisia. Hata baadaye, zama za picha za rangi, John Hinde wa Ireland, ambaye kampuni yake ilitoa pia kadi za Kenya, alikuwa akizipeleka filamu Italia na maagizo ya nini kiongezwe na nini kifutwe: nguzo za umeme zitoke, gauni liwe jekundu zaidi, anga liwe la samawati. Hapa mjini studio kama Pegas na Sapra zilitoa kadi zao wenyewe. Picha iliyokufikia, basi, ilipita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja alikuwa na nafasi ya kuamua nani abaki na nani aondolewe. Yule anayepita alibaki. Pengine alibaki kwa sababu hakuna aliyemwona kuwa muhimu kiasi cha kumfuta.

Tazama pia kisichoonekana. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Waingereza lilizingira Nairobi katika kile kilichoitwa Operesheni Anvil. Wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliufunga mji na kuuchuja mtaa kwa mtaa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipangwa mistari, wakapita mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani, ambao kwa kutikisa kichwa tu walimpeleka mtu kizuizini. Maelfu kwa maelfu hawakurudi nyumbani kwa miaka. Kadi za Delamere Avenue za muongo huo zina maua na anga jeupe. Watu wa pembeni mwa picha wanaweza kuwa walikuwa kizuizini miezi sita baadaye. Mtu wa Waithaka aliyefanya kazi mjini mwaka huo anaweza kukwambia ni nani aliyekuwa akiuza magazeti kwenye kona ile kabla ya Aprili na ni nani aliyeuza baada ya hapo. Hakuna faili ya serikali itakayokwambia hilo.

Watu wa Nairobi walikwisha kuonyesha kwamba wanaweza kulitunza jina bila picha. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai kiongozi wao Harry Thuku, aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru wa Weithaga ndiye aliyewaaibisha wanaume waliotaka kurudi nyuma, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupigwa risasi. Jina lake limetufikia kwa sababu wanawake waliliimba katika Kanyegenũri, wimbo ulioenea vijijini. Hakuna postikadi ya Nyanjiru. Na zipo maelfu ya postikadi za Norfolk Hotel, iliyo karibu na pale alipoanguka.

Baada ya uhuru, majumba yalibadilika lakini mtindo wa kuyapiga picha ukabaki vile vile. KICC, jumba la mikutano ya kimataifa, ilikamilika mwaka 1973, kazi ya Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso wa Kenya, ikiwa na ghorofa 28 na urefu wa mita 105. Ikawa ndilo jumba la kila kadi. Leo ndilo jumba la kila noti: noti zote zilizotolewa mwaka 2019, kuanzia ya shilingi 50 hadi ya 1,000, zina KICC upande wa mbele. Mbele ya jumba hilo kuna sanamu ya Jomo Kenyatta ameketi, nayo imo kwenye noti. Katiba ya 2010 inakataza noti kuwa na sura ya mtu binafsi, kwa hiyo walalamishi walikwenda Mahakama Kuu kupinga. Mahakama ilitupilia mbali kesi hiyo.

Mawakili, majaji na wananchi walijadiliana kwa dhati iwapo mtu mmoja aliyeketi mbele ya jumba anahesabika kuwa mtu au ni sehemu ya jumba. Mjadala huo ulistahili kufanyika. Lakini ningependa uendelee mbele zaidi ya pale. Kuna walioichonga ile mihimili, waliobeba zege kwa karai ghorofa baada ya ghorofa, waliozipanga ngazi za jukwaa la nje kwa mikono. Wengine walitembea kila siku kutoka Kibera, kwa sababu nauli ilikuwa pesa ya unga. Hao hakuna aliyewahi kuwapelekea kesi.

Na hapa ndipo upande wa magharibi wa mji unapokuwa na hazina ambayo jumba la nyaraka halina. Nyuma ya KICC na katika Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1969, walisimama wapigapicha wa barabarani. Walikuwa na kamera shingoni na mifuko yenye picha za sampuli. Jumapili na sikukuu, watu walivaa vizuri, wakapanda basi la KBS, wakaja mjini kupigwa picha mbele ya majumba hayo hayo ya kwenye kadi. Mpigapicha aliandika anwani, baada ya wiki moja au mbili ukaja kuchukua picha yako. Ndiyo picha iliyotumwa kijijini, ikatiwa kwenye fremu, ikapangwa juu ya kabati la sebuleni.

Shangazi yangu wa Kangemi anazo nyingi ndani ya kopo la biskuti. Moja inamwonyesha na rafiki yake wameketi kwenye ukuta wa bwawa la KICC, suruali zimepanuka chini kama kengele, mkoba wa mkononi umewekwa mapajani ili uonekane. Jumba halionekani lote. Limekatwa juu, kwa sababu mpigapicha alitaka nyuso. Nikaigeuza. Nyuma, kwa kalamu ya wino wa buluu, yameandikwa majina matatu, mwezi na mwaka, na kwa herufi ndogo zaidi mshahara wa kwanza wa yule rafiki, kwa sababu ndio uliolipia picha. Jina la tatu ni la mtu ambaye hayumo kwenye picha. Nilipouliza, shangazi alisema ndiye aliyewashikia viatu vyao vya kutembelea mjini wakati walipovaa vile vya kupigwa picha.

Iweke kadi na picha hiyo pamoja mezani. Kadi inataja jumba na haimjui mtu. Picha ya kopo la biskuti inataja kila mtu, hata asiyeonekana ndani yake, na jumba imelikata kichwa. Mji mmoja na miaka karibu ile ile. Mwanahistoria aliye na kadi peke yake ataandika kitabu cha uongo bila kusema uongo hata mara moja.

Ndiyo maana sisemi tu kwamba picha za zamani zihifadhiwe. Kuhifadhi kunafanywa, na wanaofanya wanastahili kusifiwa. Jumba la Nyaraka za Kitaifa lipo kwa sheria ya mwaka 1965, na kila mtu anayepanga kukutana na mwenzake Moi Avenue humwambia wakutane pale. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa Wazungu peke yao na kufunguliwa kwa wote mwaka 1958, ina rundo kubwa la magazeti na picha. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjirũ Koinange na Angela Wachuka, limezikarabati maktaba za Kaloleni na Makadara na limekuwa likiziweka hazina za McMillan katika mfumo wa dijiti. Hifadhi ya taifa ya Uingereza iliziweka maelfu ya picha za makoloni yake ya Afrika kwenye intaneti mwaka 2011, ikawaomba watu wasaidie kueleza zilizomo. Nia ilikuwa njema. Lakini bibi wa Waithaka hakuwa kwenye mtandao huo, na hakuna aliyempelekea picha mlangoni.

Ninachotaka ni hicho tu, picha zipelekwe mlangoni. Kaunti ya Nairobi na Makavazi ya Kitaifa wachape nakala kubwa za picha za mji za miaka ya 1950 hadi 1980, ukubwa wa kutosha mtu wa miaka 85 kuona bila miwani, wazitundike mahali wazee wanapofika wenyewe: kumbi za makanisa na misikiti Kawangware, kwa chifu Riruta, soko la Kangemi, kliniki ya shinikizo la damu. Awepo kijana mwenye kinasa sauti na daftari. Mzee akisema yule wa baiskeli alikuwa mpeleka maziwa wa nyumba za Lavington, iandikwe, na liandikwe jina la aliyesema. Mwingine akija akipinga, naye aandikwe. Kumbukumbu hukosea, na mizozo ya wazee ni sehemu ya historia yenyewe. Sioni sababu ya kungoja mpaka kila mtu akubaliane.

Na wakati huo huo makopo ya biskuti yafunguliwe. Picha isichukuliwe kwa mwenyewe hata kwa siku moja. Ipigwe hapo hapo, mbele na nyuma, irudishwe mkononi mwake. Nyuma ni muhimu sawa na mbele, jambo ambalo wakusanyaji wengi husahau. Mwenye picha aamue kama jina litangazwe au lifungwe kwa miaka kadhaa, kwa sababu kuna watu wa 1954 ambao familia zao hazitaki jirani ajue walikuwa upande gani, na ni haki yao.

Kwa nyingi ya picha za mji, sheria haizuii. Sheria yetu ya hakimiliki huilinda picha kwa miaka 50 tangu ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma. Kadi za Delamere Avenue, na nyingi za kwanza za Kenyatta Avenue, zimekwisha kutoka katika ulinzi huo. Hakuna haja ya kulipia nakala yenye alama ya kampuni ya ng'ambo ili Mkenya aione barabara ambayo baba yake aliifagia.

Mtu atauliza faida iko wapi, katika jiji lenye mashimo barabarani na maji ya mgawo. Moja naweza kuionyesha kwa kidole. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na Wangari Maathai akaongoza upinzani mpaka likaachwa. Mwaka 1991 ilikuwa zamu ya bustani ya Jeevanjee, ambayo A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906. Ikatakiwa kuwa maegesho na maduka, na mjukuu wake Zarina Patel akasimama pamoja na wananchi mpaka ikanusurika. Katika vita vya namna hiyo wanyakuzi husema daima kwamba mahali hapo palikuwa patupu, hapana mtu, hapana matumizi. Picha yenye watu, na watu wenye majina, na wajukuu wao walio hai na wenye kura, huifanya hoja hiyo kuwa ngumu kusimama mahakamani na hata barazani. Ukuta wa mawe unaweza kudaiwa na yeyote mwenye karatasi. Mahali ambapo inajulikana kwamba mama wa fulani aliuza maua kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani, watu wa fulani watakuja kupalinda.

Faida ya pili ni ya watoto. Shule ya Nairobi iko kandokando ya Waiyaki Way. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa jina la Prince of Wales kwa wavulana wa Kizungu, ikachorwa na Herbert Baker, yule yule aliyechora majengo ya serikali ya Pretoria. Ni jengo zuri na limo kwenye picha nyingi. Wanaopita nje ya lango lake kila asubuhi wakielekea Kangemi na Uthiru, wakiwa watoto wa shule za umma za jirani, wanaweza kutajiwa aliyelichora. Hawawezi kutajiwa hata fundi mmoja aliyelijenga, ingawa huenda alikuwa babu wa babu yao na alizikwa kilomita mbili kutoka hapo.

Wa kwanza kuulizwa wawe wapigapicha wenyewe. Uhuru Park ilipofungwa kwa ukarabati mwaka 2021 walitawanyika, na waliokuwa wamezeeka hawakurudi. Wengi walizihifadhi filamu zao, maelfu ya nyuso mbele ya KICC, mbele ya Bunge, kwenye ngazi za Mahakama, pamoja na vijitabu vya anwani za kupelekea picha. Vijitabu hivyo vina jina, mtaa na tarehe. Vimo katika vyumba vya kukodi Kawangware na Kibera, chini ya vitanda, na mpangaji akifariki mwenye nyumba husafisha chumba ndani ya wiki. Bajeti ya kaunti huandikwa kila mwaka. Pesa za kuvinunua vijitabu hivyo na kuwalipa wenyewe kwa haki, wakikaa na vijana kueleza kila ukurasa, ni kiasi kidogo kuliko gharama ya kuweka bango moja la kumkaribisha mgeni mjini.